Kura Nyeupe za Kwa Katuku

Kwa Katuku tukichoshwa na mtu hatumtukani wala hatumrushii mawe. Tunampiga nyeupe.

Nieleze, maana mgeni hawezi kulijua hili. Tuna kamati ya maji, na kila mwaka tunachagua mwenyekiti. Tunakata karatasi za daftari, kila mtu anaandika jina la anayemtaka na kulitia kwenye sufuria ya kanisa. Kama wagombea wote hawakupendezi, unatia karatasi bila kuandika kitu. Nyeupe zikizidi majina, uchaguzi umevunjika. Waliogombea wanakaa kando mwaka huo na watu wapya wanatafutwa. Hivyo ndivyo tulivyomng'oa Mzee Kaloki, ambaye alikuwa akiwafungulia ng'ombe wake maji sisi tukiwa kanisani. Aliyemfuata naye tulimng'oa vivyo hivyo. Ni desturi nzuri. Mimi mwenyewe nimepiga nyeupe zaidi ya mara moja na sijuti.

Shida ni kwamba watu wangu walidhani Kenya nzima ni kamati ya maji.

Tunakaa chini ya barabara kuu, kati ya Voi na Maungu, Wataita na Wakamba tuliochanganyika mpaka watoto wetu hawajui tena wacheke kwa lugha gani. Ardhi ilikuwa ya kampuni ya mkonge. Mkataba wake uliisha zamani, mkonge ukafa, wenyewe wakaondoka, na wazee wetu wakang'oa visiki wakalima mbaazi. Halafu mwaka jana serikali ikairudishia kampuni ile ardhi kwa mkataba mpya. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa kanisa: baada ya uchaguzi, wote waliovamia shamba wataondolewa. Waliovamia! Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitatu pale. Niliijenga kwa duka langu la dawa za mifugo mjini Voi, chumba kimoja baada ya kingine, na binti yangu Rita hajawahi kulala chini ya paa lingine.

Kwa hiyo uchaguzi ule kwetu haukuwa wa siasa. Ulikuwa wa nyumba. Rais aliyekuwa akitetea kiti ndiye ambaye serikali yake ilitoa ule mkataba. Mpinzani wake alikuwa ameahidi, na ahadi iko kwenye manifesto yake, kwamba akiingia hakuna atakayeondolewa kwenye mashamba ya namna hiyo mpaka wapimaji wapite na watu wapewe hati. Hata mtu asiyejua hesabu aliona kura yetu iende wapi.

Lakini yule mpinzani alikuja kufanya kampeni. Afadhali angebaki kwake. Helikopta ilimtua Voi, akapita Maungu amesimama kwenye paa la gari, ambako tulimngojea juani tangu asubuhi. Akasema bei ya unga iko juu. Akasema anatupenda. Kisha akainua mikono na kupaza sauti, "Watu wa Taveta, mko tayari?" Taveta! Taveta iko kule mpakani, inatazamana na Holili ya Tanzania. Msaidizi wake akamvuta suruali, akamnong'oneza, naye mgombea akasema, "Na ninyi pia!" Gari likaondoka.

Mbithe, mwenyekiti wetu wa kamati ya maji, alitema mate. "Huyu hajui hata anamwomba nani kura," alisema. "Na yule mwingine anajua sana, ndiyo maana anatuvunjia nyumba."

Wiki iliyofuata ukaitishwa mkutano kanisani. Mzee Mwandawiro, mzee wa kanisa, ndiye aliyesimama kwanza. Ni mtu mpole, mwenye koti moja la heshima, na watu wanamsikiliza kwa sababu hapazi sauti.

"Hawa wakubwa wawili hawatutaki," alisema. "Basi nasi tuwafanye tunavyomfanya mwenyekiti mbaya. Tuwapige nyeupe. Sheria inasema mshindi wa urais lazima avuke nusu. Nyeupe zikiwa nyingi, hakuna atakayevuka. Uchaguzi utarudiwa, na safari hiyo watakuja hapa kwa miguu, mmoja baada ya mwingine, watuulize tunataka nini."

Kanisa lilipiga makofi mpaka popo wakatoka darini. Hata Donald alipiga makofi, yule mwenye pikipiki za bodaboda kutoka Mbololo. Alikuwa ameleta kreti za soda, akisema anaunga mkono wananchi wenye msimamo.

Nikasimama. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya tume ya uchaguzi, kwani nilikuwa nimeajiriwa kuwa msimamizi wa kituo chetu cha kura. Kumwambia mtu ampigie nani sikuruhusiwa. Lakini kueleza kura inavyohesabiwa, hiyo ilikuwa kazi yangu.

"Nyeupe haihesabiwi," nikasema. "Inawekwa kando, inaandikwa imekataliwa, na nusu inatafutwa kwenye zile zilizobaki. Ni kama mtu hakupiga kura kabisa."

Mzee Mwandawiro akatoa Katiba kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amekunja ukurasa wenyewe. "Mama Rita, hapa wameandika zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Zote. Nyeupe haikupigwa?"

"Mzee, mahakama ya juu ilishaamua. Kura iliyokataliwa si kura."

"Ngoja," Mbithe akasema. "Nimeamka alfajiri. Nimepanga foleni. Nimeweka kidole kwenye mashine, nimepakwa wino, nimetia karatasi kwenye sanduku. Halafu mimi nilikaa nyumbani? Hiyo ni nyumba gani yenye foleni?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Nani amekufundisha hayo?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Semina ya tume."

"Ahaa! Tume!"

"Mama Rita amevishwa kizibao cha reflekta, sasa amekuwa serikali," Mbithe akasema. "Chai ya semina ilikuwa na maandazi?"

"Ilikuwa na soseji," nikamjibu, "na hesabu ni ileile. Sikilizeni. Tuko kumi. Watano wanamtaka Rais, watano hawamtaki. Watano kati ya kumi si zaidi ya nusu, hajashinda. Sasa wewe Mbithe, mmoja wa wale wasiomtaka, unapiga nyeupe. Tumebaki tisa. Watano kati ya tisa amevuka. Nani amemvusha? Wewe!"

Niliona wanawake wawili watatu wakihesabu kwa vidole. Wangenielewa, naapa wangenielewa. Lakini Donald akainua chupa yake.

"Mama, hesabu ni nzuri," alisema. "Lakini mwananchi si ana haki ya kuonyesha hasira yake? Au hiyo pia inahitaji semina?"

Vicheko vikarudi, na hesabu yangu ikafia hapo. Mkutano ukapitisha nyeupe kwa kuinua mikono.

Nilirudi nyumbani nimekasirika hata sikuweza kula. Mume wangu Morris alikuwa amekaa mlangoni akisafisha brashi zake. Morris anaandika mabango ya maduka. Kinyozi, hoteli, butchari, karibu kila bango la Voi lenye herufi zilizotiwa kivuli upande wa kulia ni mkono wake, na watu humlipia kile kivuli zaidi ya herufi zenyewe.

Nikamfanyia hesabu yote upya. "Morris, wewe umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na nyumba unaielewa?"

"Naielewa pia."

"Basi utafanya nini?"

Akanitazama, akatabasamu. "Si ninyi tume mnasema kura ni siri?"

Nilimtupia kitambaa cha meza. Nilidhani anatania.

Siku yenyewe watu walijitokeza kama hawajawahi kujitokeza. Foleni ilizunguka shule ya msingi, ikapita vyoo, ikafika kwenye miti ya michongoma. Walikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, ile furaha. Kila mtu alipewa karatasi zake sita, ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya diwani wa kaunti. Akaingia nyuma ya kadibodi, akatoka akiwa amenyoosha shingo. Mbithe alipotia karatasi ya Rais kwenye sanduku lake alikipigapiga kifuniko kama anayemlaza mtoto. "Lala," akaliambia. Walinzi wakacheka. Mimi sikucheka.

Donald alikuwa ndani tangu milango ilipofunguliwa. Alikuwa na beji shingoni. Wakala wa chama cha Rais.

Nilimtazama mpaka akainua macho. "Ni kazi tu, madam," alisema.

Hapo nikaelewa zile kreti za soda. Nikaelewa kwamba katika mkutano wetu kulikuwa na watu wawili tu waliojua hesabu, na mmoja wao alilipwa ili wengine wasiijue. Ningefanya nini? Kumfukuza kwa kosa la kununua soda? Foleni ilikuwa inasubiri. Nikageuka nikaendelea.

Jioni tukafunga milango, tukawasha taa za sola, tukafungua sanduku la Rais kwanza, ndivyo sheria inavyotaka. Kazi ya msimamizi ni kuikunjua kila karatasi, kuiinua juu mawakala waione, na kusema kwa sauti ni ya nani. Ya kwanza ilikuwa tupu.

"Imekataliwa," nikasema.

Ya pili tupu. Imekataliwa. Ya tatu mtu alikuwa ameandika MKONGE HAULIWI. Imekataliwa. Ya nne ilikuwa ya Rais, alama safi ndani ya kisanduku. Ya tano mtu alikuwa amechora nyumba yenye mlango na dirisha, vizuri kabisa, hata na moshi. Imekataliwa.

Wakala wa mpinzani alikuwa Nthenya, msichana aliyemaliza chuo juzi. "Madam, huyu ameandika ARDHI. Si ni wazi yuko upande wetu?"

"Ameandika kwenye kisanduku cha nani?"

"Juu. Pembeni."

"Basi siwezi kumpa mtu."

"Lakini si unajua alichotaka!"

"Najua. Sheria haijaniuliza ninachojua."

Donald hakubisha hata moja. Kila niliposema imekataliwa aliweka alama kwenye karatasi yake, tena kwa mkono mwepesi, kama mtu anayehesabu mbuzi wake wakiingia zizini. "Ongeza, madam," alininong'oneza safari moja. Nikamwambia akirudia kufungua mdomo polisi atamtoa nje.

Halafu nikaikunjua moja.

ARDHI KWANZA. Kwa kalamu ya wino, katikati ya karatasi, herufi zimesimama wima kama askari, na kila herufi imetiwa kivuli upande wa kulia.

Hakuna aliyekuwa mle ndani ambaye hajawahi kunyolewa, kula au kununua nyama chini ya bango la aina ile. Nthenya aliinamisha kichwa. Mmoja wa makarani wangu alikohoa kuficha kicheko. Fikiria, mtu amesimama nyuma ya kadibodi, foleni nzima nje inamngoja, naye anatia kivuli! Mwanamume niliyemwekea chakula mezani, niliyemfanyia hesabu ile ya watu kumi kubaki tisa, amechukua kura ya nyumba yetu akaifanya bango.

Niliiinua juu. Nilikuwa nimeapa kuifuata sheria.

"Imekataliwa," nikasema.

Katika kituo chetu zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya mia tatu. Rais alipata kura chache, mpinzani chache kuliko hizo. Nyumba zetu zote zilikuwa kwenye lile fungu nililolifunga kwa mpira na kulitia kwenye bahasha peke yake.

Tukakaa na redio siku zilizofuata. Kumbe hatukuwa peke yetu wenye hasira. Kuna sehemu vijana walikataa kutoka vitandani, vituo vikafungwa karibu vitupu. Kuna sehemu walipiga ovyo makusudi kama sisi, kila mtu kwa kinyongo chake, huyu barabara, yule hospitali, na kila mmoja akidhani anamkomoa mkubwa. Matokeo yalipotangazwa, Rais alikuwa amevuka nusu kwa kura elfu ishirini na kitu. Kura zilizokataliwa nchi nzima zilikuwa zaidi ya laki moja. Laki moja ya watu wenye hasira, waliopanga foleni! Kama zingehesabiwa, hata bila kumpa mtu yeyote, asingefika. Tungerudi kupiga kura tena. Mpinzani alimpigia simu ya pongezi kabla ya chakula cha mchana.

Nitasema kweli. Sheria yenyewe naiona ya kijinga. Mtu aliyesimama juani akapakwa wino amesema kitu, na nchi yenye akili ingemsikia. Katika kamati ya maji tunamsikia. Lakini sheria ya kijinga ni kama mbwa mkali wa jirani. Unaweza kulalamika kwa mwenyewe mwaka mzima, ila ukipita pale leo, leo unabeba fimbo.

Siku ya pili baada ya matokeo walikuja uani kwangu. Mzee Mwandawiro hakuwemo. Mbithe ndiye aliyekuwa mbele, na nyuma yake watu kama thelathini.

"Mama Rita," Mbithe akasema, "tumesikia wewe mwenyewe kwa mdomo wako ulikuwa unasema imekataliwa, imekataliwa, moja baada ya moja."

"Ndiyo."

"Za jirani zako."

"Ndiyo."

"Hukuweza hata kusahau kidogo? Hata mkono uteleze?"

"Uteleze uende wapi, Mbithe? Ningewapigia kura mimi? Mia tatu? Niwaibie kura mlizokataa kupiga, nifungwe, halafu Rita alelewe na nani, na Donald?"

"Tulipiga!"

"Hamkupiga! Niliwaambia kanisani. Mkacheka. Mkaniuliza maandazi."

"Wewe ulikuwa na mshahara wa tume mdomoni, ungeaminika vipi?" mtu akapiga kelele. "Serikali haikai uani mwetu!"

"Uwanja huu una alama kwenye ramani ya kampuni sawa na wako," nikamwambia. "Nikiwa serikali, mbona ninabomolewa?"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Hapo Morris akatoka ndani. Akasema polepole, "Mwacheni. Alituambia. Mimi nilimwelewa na bado nikafanya."

"Kwa nini?" nikamuuliza, mbele ya watu wote. Siku zote zile nilikuwa sijamuuliza. "Kwa nini, Morris?"

"Nilitaka wasome."

"Nani asome?"

"Wakubwa. Nilifikiri karatasi zinapelekwa Nairobi. Nilifikiri kuna mtu kule anazifungua, anaona, anasema, hawa watu wa huku wanataka ardhi." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Nikasema basi iandikwe vizuri."

Hakuna aliyecheka. Mbithe aliangalia pembeni. Nilitaka kumpiga Morris, nilitaka kulia, nikafanya yote mawili kwa kumgeuzia mgongo. Wale watu wakaondoka mmoja mmoja, wakipita karibu na ukuta wa nyumba yangu bila kuugusa.

Barua za kampuni zilikuja kabla mwezi haujaisha, na tarehe ya trekta la kubomoa nyumba. Mzee Mwandawiro akaitisha mkutano wa kupeleka ombi mahakamani, akiwa na Katiba yake. Nilienda, nikasaini, kwa sababu kusaini hakunigharimu kitu. Wakili wa Voi alitusikiliza, akasema atajaribu, lakini trekta halisimamishwi na kujaribu.

Asubuhi iliyofuata nilifunga duka, nikaazima ngazi, nikapanda juu ya nyumba yangu na kuanza kung'oa misumari. Trekta likiangusha ukuta, mabati yanajikunja na mbao zinavunjika, hupati hata moja la kujengea choo. Mtu akiyashusha mwenyewe anayabeba. Shangazi yangu wa Mbololo alikuwa ametupatia kipande cha ardhi cha mita chache mlimani. Mawe ningeyaacha. Mabati, madirisha na mlango nisingewaachia.

Watu walitoka wakatazama. Mtu akasema nawavunja moyo wengine, kwamba nakubali kushindwa kabla ya mahakama kusema. Nikamwambia mahakama ikisema vizuri nitayapandisha tena, misumari ninayo. Morris alishika ngazi chini. Rita alipanga misumari kwenye kopo, iliyonyooka upande mmoja, iliyopinda upande mwingine.

Jua lilipokuwa limepanda, Mbithe akaja. Alisimama chini ya ukuta mikono kiunoni.

"Lakini kwenye Katiba imeandikwa kura zote," alisema.

"Imeandikwa."

"Nami nilipiga."

"Mbithe, bati hili ni refu, litamwangukia Rita. Panda ushike huko mwisho."

"Mimi na miguu hii?"

"Panda."

Akapanda, akilalamika kila hatua, akashika upande wake. Akaruka kidogo, akaachia. Bati lilikuwa limeshika jua, likamchoma vidole.

"Tafuta kitambaa," nikamwambia. "Bado kumi na saba. Kisha tunakwenda kwako."